Swali la Mvua ya Keza

Asubuhi hiyo Verediana alikuwa uani kwao Keza, wilayani Ngara, amekaa kwenye kigoda, anachambua maharage kwenye ungo huku akisoma swali kwenye simu aliyoiegemeza kwenye sufuria. Alisoma kwa sauti. Swali lilihusu ndege inayopita kwenye wingu la baridi kali na kuanza kushika barafu mabawani. Hajamaliza chaguo la pili, migomba ya upande wa choo ikawa myeupe na majani yake yakaanza kugongana kama sahani. Mama yake, Nyirabahizi, akatoka jikoni amejifunika kitenge mabegani.

"Ni lile la barafu tena?" aliuliza.

"Lile lile, mama."

"Basi lijibu upesi. Nina nguo kwenye kamba."

Verediana akabonyeza C. Simu ikaonyesha alama ya kijani, barafu ikadondoka kutoka kwenye majani, jua likarudi. Akaendelea kuchambua maharage.

Mambo yalikuwa hivyo tangu arudi kutoka chuo cha urubani. Saa za kuruka alikuwa amezimaliza, na mwalimu wake alimsifu kwa namna anavyotua, maana hana papara. Kilichomkwamisha ni somo moja la nadharia, hali ya hewa, ambalo alikuwa amelifeli mara mbili. Bodi ya Nadharia ya Urubani ina sheria yake: ukifeli mara ya tatu unafutiwa yote, unaanza upya, masomo na ada. Nyirabahizi alikwisha kuuza shamba la bondeni, lile lenye unyevu mwaka mzima, ili mtoto asome. Lililobaki ni la mlimani, na hilo bila mvua ni vumbi. Hapakuwa na shamba jingine la kuuza, wala mtoto mwingine wa kumtegemea.

Akisoma swali kimoyomoyo hakikutokea kitu, lakini pia hakuelewa kitu. Kirundi alikipata mgongoni mwa mama yake, Kiswahili shule ya msingi, Kiingereza sekondari, na hizo mbili za shule zilimwingia kwa kuitikia pamoja na darasa zima, mwalimu akigonga ubao kwa fimbo. Pita karibu na shule yoyote ya huku asubuhi utawasikia. Mtu aliyefundishwa hivyo haelewi maandishi mpaka ayasikie. Kwa hiyo Verediana alisoma kwa sauti, na hali ya hewa ya swali ikaja uani, ikakaa mpaka ajibu sawasawa. Akikosea, inabaki. Kuna ukungu wa bahari, unanuka samaki wasiojulikana, ulikaa pale siku nyingi kwa sababu alikuwa anachanganya aina mbili za ukungu, na mbuzi wa jirani akapotelea humo. Siku ya swali la jua lisilozama la ncha ya kaskazini, kuku walisimama mlangoni mwa banda wakingoja giza, na katekista akapita kuuliza kama sala ya jioni isaliwe au iahirishwe.

Majirani hawakulalamika sana. Mtoto wa mtu anasoma, utamkatazaje? Waliomba tu awaambie mapema siku za maswali ya upepo, ili waweke mawe juu ya mabati.

Sasa, maswali yenyewe. Yalitungwa na watu wa nchi za baridi kwa ajili ya watu wa nchi za baridi, na Bodi iliyanunua kama yalivyo, kama mtu anavyonunua koti la mtumba akaliacha na jina la mwenyewe kwenye kola. Theluji ilikuwepo kwa kila namna, ya unga, ya mabonge, ya kupeperuka. Dhoruba za bahari ambazo hata ramani ya shule haina zilikuwepo. Rubani anayetaka kuruka kati ya Ngara na Mwanza aliulizwa jinsi ya kufyeka barafu kwenye bawa, na hakuulizwa hata mara moja kuhusu lile wingu jeusi linaloinuka alasiri upande wa ziwa, ambalo ndilo lingemuua.

Mwaka huo vuli haikuja. Ilinyesha mvua moja ya kudanganya, watu wakapanda, kisha mbingu ikafunga. Maharage yakaota, yakatoa majani mawili mawili, yakasimama. Nyirabahizi alikuwa anashuka mtoni na ndoo kichwani, anapanda mlima, anamwagilia kila shina kikombe kimoja, kisha anashuka tena. Shingo ilimvimba. Jioni Verediana alimkanda kwa maji ya moto, na kila mmoja alijua mwenzake anawaza njaa.

Ndipo mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Ndizeye, alipokuja na majirani. Walikaa kwenye mkeka, wakaulizana habari za nyumbani, wakasifu ukubwa wa papai lililokuwa uani, na baadaye kabisa mzee akasema kilichowaleta.

"Mwanangu, sisi hatutaki kukuingilia kwenye masomo. Lakini tunaona wewe unaleta barafu. Huna swali la mvua humo?"

"Nitatafuta, mzee."

Akatafuta. Alipekua benki nzima ya maswali, mchana kutwa, majirani wakiwa wamekaa pale pale. Mvua ilikuwemo ya aina moja tu, ile inayoganda ikigusa kitu. Verediana akawaeleza kwamba hiyo si mvua ya kuotesha, ni mvua ya kuvunja. Waliteta kwa Kirundi muda mrefu. Mwisho Mzee Ndizeye akasema aisome tu, maji ni maji. Akaisoma. Ikanyesha uani ikigeuka kioo juu ya kila kitu, mgomba mmoja ukapasuka kuanzia juu hadi chini, na papai likaanguka likiwa gumu kama jiwe la kusagia. Akalijibu swali, ikakatika. Wakamshukuru kwa kujaribu, wakaenda zao.

Haikupita muda ukatoka ujumbe kwenye simu. Bodi ilikuwa inakusanya maoni ya kuboresha maswali ya nadharia ili yaendane na mazingira ya mtahiniwa, na kikao cha kanda kingefanyika Biharamulo. Verediana alimsomea mama yake. Nyirabahizi akafungua sanduku, akatoa kitenge chake cha Pasaka.

Walikwenda watatu, mama, binti na Mzee Ndizeye, kwa pikipiki mpaka Ngara mjini na kwa basi kupitia Lusahunga. Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki na chupa za maji, na wajumbe wengi walikuwa watu wa ofisini. Mratibu wa maboresho alikuwa kijana wa Biharamulo hapo hapo, Wiston, aliyesomea mbali akarudi na cheo. Alimwamkia Nyirabahizi shikamoo kwa adabu, akamtafutia kiti kisichoyumba. Si mtu mbaya Wiston, na hilo niliseme mapema, kwa sababu mbele ya safari utataka kumchukia.

Zamu yao ilipofika, Verediana alisimama akaeleza. Ili aeleweke zaidi, akasoma swali moja. Theluji ikaanguka ukumbini, laini, juu ya meza na mabega ya wajumbe. Mwandishi wa kikao akaipangusa kwenye karatasi zake akaendelea kuandika. Mjumbe mmoja akasogeza chupa yake ya maji. Verediana akalijibu, theluji ikakatika, na mhudumu akaja na dekio.

"Kwa hiyo hoja yako," Wiston alisema, "ni kwamba maswali hayaendani na mazingira."

"Ego," Mzee Ndizeye akajibu kwa Kirundi, kisha akasema kwa Kiswahili, "Ndiyo. Tunaomba swali moja tu la mvua. Mvua ya kwetu. Hata liwe fupi."

Wiston alikuna kidevu. Alieleza, taratibu, bila dharau, kwamba swali la mvua ya kwao lingejibiwa sawasawa na kila mtahiniwa wa Ngara, na kwa vigezo vya Bodi swali ambalo kila mtu analipata halipimi kitu. Swali zuri ni lile linalochuja watu. Lakini maoni yameandikwa, na yeye binafsi atalifuatilia.

"Maharage yatasubiri?" Nyirabahizi aliuliza.

Swali hilo halikuwa kwenye ratiba. Wakapewa soda.

Toleo lililoboreshwa lilifika kwenye simu ya Verediana mapema kuliko walivyotarajia. Habari zikazagaa, watu wakaja hata kutoka Bukiriro kulisikiliza, wengine wamebeba ndoo. Alifungua swali la kwanza akalisoma kwa sauti, na kwa mara ya kwanza alisikia jina la kwao kwenye mtihani. Ndege ndogo, swali lilisema, inaruka alfajiri kutoka Mabawe kuelekea Keza, na theluji nzito inaanguka njia nzima.

Walikuwa wamebadilisha majina. Kila palipokuwa na mji wa Ulaya wameweka kata ya Ngara, na kila palipokuwa na bahari ya kaskazini wameweka mto Ruvubu. Theluji hawakuigusa. Na kwa kuwa sasa swali lilitaja mahali, haikuanguka uani tena, ilianguka mahali palipotajwa, kuanzia Mabawe hadi Keza, juu ya mihogo, juu ya mahindi, juu ya maharage ya kila mtu. Verediana alijibu haraka hata kidole kikateleza, akakosea, akajibu tena. Ilipokatika, mashamba ya upande wa chini yalikuwa yameungua kwa baridi. La Nyirabahizi lilikuwa juu zaidi, likanusurika, lakini lilikuwa limeguswa.

Jioni Mzee Ndizeye alirudi peke yake. Hakukaa.

"Mwanangu, naomba usisome tena."

"Mtihani ni mwezi huu, mzee."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe, sikumtuma mtu."

Akakubali. Angefanya nini? Aliweka simu mapajani kila siku akayatazama maswali kimya, macho yakipita juu ya maneno kama mtu anayetazama mto usio na kivuko. Hakuna kilichoingia. Alilia kwa hasira, si kwa huzuni, kisha akachukua ndoo ya pili akamfuata mama yake mtoni. Wakawa wawili wa kumwagilia, kikombe kwa kila shina. Maharage yakaanza kutoa maua, machache, na hapo ndipo yanapohitaji maji kuliko wakati mwingine wote. Mto nao ukawa unapungua, mpaka wakawa wanachota kwa bakuli, wakisubiri tope litulie.

"Ukifaulu," Nyirabahizi alimwambia siku moja wakiwa wamepumzika katikati ya mlima, "hata yakifa tutaishi."

"Na nikifeli?"

Mama alitazama shamba. "Basi yasife."

Kituo cha mtihani kilifunguliwa Biharamulo, nacho kilikuwa sehemu ya maboresho. Kilikuwa chumba chenye kompyuta zilizotenganishwa kwa mbao, na msimamizi, mama mmoja wa makamo anayeitwa Esperansia, aliwasomea masharti. Simu nje. Kutazama kwa jirani, unatolewa. Kutoa sauti ya aina yoyote, unatolewa, na kutolewa ni kufeli.

Verediana alianza. Kimya kimya aliyatazama maswali ya theluji ya Mabawe na barafu ya Bukiriro, na kwa kuwa mengi alikwisha kuyajibu zamani akiyasikia, kumbukumbu ilimsaidia kidogo. Mengine alibahatisha. Alipofika karibu na mwisho, hesabu ya moyoni ilimwambia kwamba huenda, huenda tu, anafaulu. Akaanza kuogopa, maana mtu asiye na matumaini haogopi.

Akabonyeza, likaja swali ambalo halikuwa kwenye toleo la mazoezi.

"Mvua kubwa ya alasiri inanyesha juu ya vilima vya Keza, wilaya ya Ngara, katika msimu wa vuli. Husababishwa na nini?"

Alilielewa. Alilielewa kwa macho, bila sauti, mara moja, jambo ambalo halijawahi kumtokea tangu ajue kusoma. Aliona wingu lenyewe, alisikia harufu ya udongo wa shamba la juu. Wiston alikuwa amelifuatilia kweli.

Alikaa akalitazama. Kulijibu kimya kulikuwa ni kufaulu, labda, na kuwa rubani, labda, na mshahara mwakani. Kulisoma kwa sauti kulikuwa ni maji leo. Mama yake wakati huo alikuwa anapanda mlima na ndoo ya tope kichwani, na maua yale yasingevumilia wiki nyingine. Verediana aliweka mikono yake mezani, akainua kichwa kama walivyofundishwa, akalisoma swali lote kwa sauti, neno kwa neno, kwa sauti ya mwanafunzi anayetaka asikike hadi nyuma ya darasa.

Esperansia alikuja taratibu akasimama pembeni yake.

"Mwanangu, umevunja masharti."

"Najua, mama. Nisamehe."

"Nyanyuka twende."

Kabla hajanyanyuka aliyatazama majibu, ambayo mpaka hapo hakuwa ameyasoma. A ilisema ni hewa ya ncha ya kaskazini. B ilisema ni kuyeyuka kwa theluji milimani. C ilisema ni mkondo wa bahari ya baridi. D ilisema ni majibu yote hapo juu. Aliyapitia tena, kisha akatolewa nje.

Nje Biharamulo kulikuwa na jua kali. Alirudishiwa simu, nayo ikaanza kuita ikiwa bado mkononi mwa mlinzi. Mama yake alikuwa anapiga kelele ili asikike, kwa sababu ya kishindo cha mvua.

"Inanyesha! Verediana, inanyesha kwetu!"

"Umefika nyumbani?"

"Niko shambani. Nimekaa tu chini. Nimelowa." Akacheka, kisha akakumbuka. "Mtihani je?"

"Tutaongea nikifika," Verediana akasema, na akalia pale ukutani kwa furaha ya kweli, watu wakimpita.

Ilinyesha siku hiyo na maharage yakainuka. Ilinyesha kesho yake, na Mzee Ndizeye akatuma mkungu wa ndizi. Ilinyesha alasiri, kama swali lilivyosema, kisha ikawa inanyesha alasiri isiyokwisha, maana kuanzia siku ile Keza palikuwa alasiri tu, kijivu, na radi upande wa ziwa. Maua yalioza kwenye mashina. Baada ya maua, mashina. Verediana alisimama uani akipaza sauti jibu lenyewe, kwamba ardhi hupata joto, hewa yenye unyevu huja kutoka ziwani, hupanda vilima na kupoa ikipanda. Lilikuwa jibu sahihi. Mvua haikulijali, kwa kuwa halikuwemo kwenye A, B, C wala D.

Shamba la mlimani liliteremka asubuhi moja, au tuseme alasiri moja. Halikuanguka kwa ghafla. Lilitembea polepole, na mashina yakiwa yamesimama juu yake kwa mistari, mpaka likafika bondeni na kulala juu ya lile walilouza. Nyirabahizi alilitazama likipita na jembe mkononi. Aliyelinunua la bondeni alikuja kuuliza kama sasa ana mashamba mawili au hana hata moja. Wakakubaliana kwamba hana.

Wiston alikuja mwenyewe. Pikipiki ilimwacha mbali, akamalizia kwa miguu, buti zimejaa tope. Alimwamkia mama, akaketi, akasema kweli yote bila kuzungusha.

"Swali nililipigania mimi. Machaguo yanatungwa na kamati nyingine, na hao hawakupata muda wa kufika huku. Nimeyaona. Hakuna jibu sahihi pale."

"Basi lifuteni," Nyirabahizi akasema.

"Mama, nimeomba. Wamenionyesha matokeo. Tangu liwekwe kwenye mitihani, hakuna mtahiniwa hata mmoja aliyelipata. Kwa vigezo vya Bodi, ndilo swali bora kuliko yote tuliyonayo." Alitazama mikono yake. "Wameliweka na kwenye toleo la mazoezi. Mapitio mengine yatafanyika, tarehe haijapangwa."

Nyirabahizi akamwambia asiondoke na njaa, akampa viazi vilivyobaki. Akala, kwa kuwa kukataa kungekuwa vibaya zaidi, akaaga akaondoka.

Watu wa Keza wamezoea. Wanaanika nguo Bukiriro, ambako jua lipo. Wengine wamejaribu magimbi, nayo yamekubali kidogo karibu na barabara. Kanisani wamechimba mfereji katikati ya mabenchi ili maji yapite bila kusumbua ibada. Verediana hajarudi chuoni wala hatarudi, na hakuna anayemuuliza tena habari za ndege.

Upande wa jikoni umekwenda na maji, kwa hiyo sasa wanapika chumbani. Nyirabahizi hukaa karibu na mafiga, miguu juu ya tofali. Verediana hukaa kitandani na simu, hufungua swali lile, hubonyeza A, simu huonyesha nyekundu. Hubonyeza B. Hubonyeza C. Wiki iliyopita ufa ulitokea kwenye ukuta wa nyuma, mpana wa kuingiza mkono mzima. Mama yake aliuona, akaugeuzia mgongo, akaongeza kuni.

"Jaribu tena D," akasema.

"Siyo, mama. Nimekwambia siyo."

"Jaribu tu."

Verediana akabonyeza D.